Tarehe Mbili za Kaspar Huelsmann

Harufu ya matofaa ilianza siku ya kumi baada ya mazishi ya Verna. Norbert Huelsmann alikuwa jikoni akiosha kikombe kimoja na sahani moja alipoisikia, tamu, nzito, yenye uchachu kidogo, kama ya matofaa yaliyolazwa muda mrefu kwenye majani makavu. Ilitoka kwenye mfuniko wa mbao sakafuni, ule wa kushukia ghala la chini. Hakuna tofaa lililowekwa humo tangu mama yake alipofariki, miaka thelathini iliyopita. Aliinua mfuniko, akashuka na tochi, akakuta kuta za mawe, rafu tupu na baridi. Chini hapakuwa na harufu yoyote. Harufu ilikuwa juu tu.

Aliliandika jambo hilo kwenye kalenda. Alikuwa amefundisha kemia miaka thelathini na minne, na alizoea kuandika kitu kabla ya kukieleza.

Kulikuwa na harufu nyingine, na hiyo hakuiandika. Chumbani, upande wa kitanda aliolala Verna, palinukia mafuta ya mikono ya waridi, mabichi kabisa, kana kwamba ndiyo kwanza amemaliza kuyapaka. Norbert alianza kulala na mlango umefungwa ili yasipotee.

Nyumba ile ilijengwa na Kaspar Huelsmann, babu wa babu yake, aliyevuka bahari kutoka Westfalia mwaka 1857, akapanda mto Missouri hadi kwenye vilima ambako mpaka leo karibu kila kaburi lina jina la Kijerumani. Norbert hakuwahi kumjali sana. Aliyemjali ni Verna. Kwa miaka sita mkewe alimfuatilia Kaspar kwenye orodha za meli, vitabu vya kanisa na barua za ndugu waliobaki kule, akitaka kuchapisha kitabu cha ukoo kabla ya mkutano wa familia wa Julai. Saratani ikamwahi. Siku chache kabla ya mwisho alimshika Norbert mkono akamwambia, "Nimalizie Kaspar. Limebaki jambo moja tu."

Jambo lenyewe lilikuwa tarehe ya kifo. Kitabu cha kanisa, kwa mwandiko wa mchungaji, kilisema Kaspar alikufa tarehe 9 Februari 1889, akaombewa na kuzikwa tarehe 11. Biblia ya familia, kwa mwandiko wa mwanawe Heinrich, ilisema alikufa tarehe 14. Yaani alizikwa siku tatu kabla ya kufa. Verna alikuwa ameandika kwa penseli kwenye kadi: "Mmoja amekosea." Baadaye aliikata sentensi hiyo kwa mstari mmoja, akaandika chini yake: "Labda hakuna aliyekosea."

Ukurasa uleule wa Biblia ulikuwa na jina la Verna, na tarehe ya kuzaliwa aliyoiandika Norbert mwenyewe mwaka waliooana. Nafasi ya pili ilikuwa tupu. Verna alikufa tarehe 19 Januari, saa tisa alasiri. Kila jioni Norbert alifungua kalamu, akaishika juu ya nafasi ile, kisha akaifunga.

Tarehe 11 Februari, saa tisa alasiri, mfuniko wa ghala uligongwa kutoka chini. Mara tatu, taratibu, kwa ngumi. Norbert alikuwa mezani na karatasi za Verna. Alingoja. Ukagongwa tena. Alipojikaza akaufungua hakukuwa na kitu, ila matofaa yalinukia hadi machozi yakamtoka. Alitaka kutoka nje apate hewa, lakini mlango wa jikoni ulikuwa umekaza. Ilimbidi ausukume kwa bega. Alijiambia ni mbao zimevimba kwa unyevu. Lakini hali ya hewa ilikuwa kavu, na theluji ya nje ilikuwa ngumu kama chumvi ya mawe.

Kesho yake mfuniko uligongwa tena, na mlango ulimchukua dakika kumi. Usiku ule alikaa na barua ambayo Verna alikuwa akiisoma alipozidiwa, barua ya mke wa Heinrich kwa dada yake aliyebaki Westfalia. Verna alikuwa ameinakili nusu. Norbert, aliyelelewa na bibi aliyesali kwa Kijerumani, alisoma nusu iliyobaki, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari.

"Ardhi ilikuwa imeganda, majembe yakagoma," ilisema barua, "tukaliweka sanduku la baba kwenye ghala la chini, kati ya matofaa, tungoje barafu iyeyuke. Mchungaji aliomba tarehe 11 akaandika kitabuni kwake kwamba tumezika. Alipoondoka tulianza kumsikia. Heinrich alisema ni panya. Nilitaka kushuka, akaweka kiti juu ya mfuniko akakikalia, akala hapo, akalala hapo, siku tatu, kwa kuwa mashamba yalikwisha gawanywa na ndugu zake walikwisha kutia sahihi. Siku ya tatu kukawa kimya. Na dirisha hatukulifungua, dada yangu, maana hatukujua tulifungue siku ipi."

Norbert aliikunja barua. Asubuhi alimpigia simu binti yake, Marlene, na hakumweleza chochote ila amlete Shangazi Ottilie.

Ottilie Brandhorst alikuwa na miaka themanini na minane, binamu wa baba yake Norbert, na pale vilimani watu walimpelekea watoto walioungua na ng'ombe waliokataa kunyonyesha. Alinong'ona maneno yake mara tatu, wakapona au hawakupona. Hakuchukua kitu, na hakuna aliyethubutu kumwambia ahsante, kwa kuwa shukrani huvunja dawa. Marlene alilazimika kuupiga mlango teke ndipo wakaingia.

Bibi kizee aliketi, akaonja kahawa, akakunja uso. "Kahawa yako hii, bwana mwalimu, ingemwamsha Kaspar kabla hajafika ghalani."

"Shangazi, tafadhali," alinong'ona Marlene.

"Tafadhali nini? Si ndiye niliyeitiwa?" Aliisoma barua, akairudisha mezani, akaifuta mikono yake kwenye sketi. "Amewahi kupita hapo kwenye mfuniko?"

"Hapana," alisema Norbert. "Anagonga tu."

"Hajui pa kutokea. Mtu akikata roho, dirisha hufunguliwa dakika ileile. Bibi yako hakukufundisha hilo?"

"Alinifundisha."

"Na Verna? Ulimfungulia?"

Norbert aliutazama mlango wa chumba. "Alikuwa anasikia baridi," alisema. "Madirisha yote niliyabandika plastiki tangu Oktoba. Nilisema nitafungua baadaye."

"Baadaye lini?"

"Baba," alisema Marlene, "mimi uliniambia ulifungua."

"Najua nilivyokuambia."

Ottilie alishusha sauti hadi ikawa pumzi tu. "Basi wako wawili humu. Na ukilifungua dirisha wanatoka wote, Norbert. Dirisha halichagui."

"Na nisipolifungua?"

"Yule wa chini amekaa peke yake zaidi ya miaka mia na thelathini. Sasa amesikia kuna mwenzake. Unadhani atamwacha huko chumbani, na mafuta yake ya waridi?"

Norbert hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za mafuta ya waridi.

Alipewa masharti. Kesho, tarehe 14, saa tisa, alifungue dirisha lile la chumbani, yeye aliyeacha kulifungua, akiwa peke yake. Aliache wazi mpaka nyumba isinuke kitu. Kisha aende akaandike tarehe ya Verna kwenye Biblia. Wao wangengoja nje ndani ya gari. Marlene alifungua mdomo, na Ottilie akainua kidole. "Usinishukuru. Tutaharibu."

Siku iliyofuata saa tisa kasoro dakika tano Norbert alichana plastiki, akapitisha kisu kwenye rangi iliyoshikamanisha fremu, akainua kioo. Baridi iliingia kama maji. Kule jikoni mfuniko ulianza kugongwa, si mara tatu sasa bali mfululizo, kisha ukanyamaza, na kitu kikapita sakafuni kikielekea chumbani bila hatua wala uzito, harufu ya tofaa ikitangulia, harufu ya udongo na mbao mbichi ikifuata, ikampita mgongoni, ikamgusa shingo kwa ubaridi uliokuwa mkali kuliko wa theluji, na pazia likainuka likaelekea nje, polepole, kama mtu mnene anavyojipenyeza mlangoni. Norbert alishika ukingo wa kitanda. Mzee alikuwa anatoka, alilijua hilo kama anavyojua jina lake, na alikuwa amebakiza kidogo tu, alipohisi upande wa pili wa kitanda ukiinuka kama godoro linavyoinuka mtu akisimama, na waridi likaja usoni pake, karibu kabisa, jepesi, likasita, likaanza kuelekea kwenye mwanga.

Alilivuta dirisha chini kwa mikono yote miwili.

Pazia lilining'inia. Chumbani hapakunuka kitu. Aliinusa shuka, mto, gauni lililokuwa nyuma ya mlango. Vilinuka pamba tu.

Ndipo mfuniko wa jikoni ukagongwa. Mara tatu, kwa ngumi, kwa hasira ya mtu aliyeona nje kisha akarudishwa. Na mara mbili baada yake, kwa kifundo cha kidole, haraka na kwa adabu, vile Verna alivyogonga mlango wa bafu kwa miaka arobaini Norbert alipokawia kunyoa.

Alilirudia dirisha. Fremu ilikuwa imeshikana na ukuta kama jiwe na jiwe. Alikipiga kioo kwa kiti cha chumbani, mguu wa kiti ukavunjika, kioo hakikupata hata mkwaruzo. Alikwenda mlango wa mbele, kisha wa jikoni. Kitasa kilizunguka, mlango haukusogea. Alipiga magoti akashika pete ya mfuniko, akavuta mpaka ngozi ya viganja ikachubuka, akamwita Verna kwa jina, na kutoka chini akajibiwa mara mbili, haraka, sasa bila adabu.

Kupitia dirisha la jikoni alimwona Marlene ndani ya gari. Aliinua mkono kumwita. Binti yake, akidhani ni ishara kwamba kazi imekwisha, akainua wake, na Ottilie pembeni yake akatikisa kichwa akageukia mbele, kama mtu asiyependa kutazama.

Biblia ilikuwa wazi mezani. Mbele ya jina la Verna nafasi ilikuwa bado tupu. Norbert alichukua kalamu, akaifungua, akasikiliza, na hakujua aandike tarehe ipi.