Salama kwa Asilimia Tisini na Nne

Kila nikitoka shule, kazi yangu ni kufukuza ndege kwenye majaruba ya mpunga ya baba mdogo Ambilikile, hapa kwetu Mwaya. Jumatano ile sikuwajali ndege. Kambale walielea majini, matumbo juu, na mdogo wangu Doreen, mwenye miaka minne, alikuwa ameshajaza beseni.

Nilimnyang'anya, naye akalia hadi nyumbani.

"Baba mdogo, samaki wamekufa kwa ile dawa ya viwavi uliyopulizia asubuhi," nilisema.

Baba mdogo akanionyesha simu yake. Muuza dawa wa Kyela mjini alimwekea programu ya akili mnemba ya kupima sumu. Unaandika jina la dawa, yenyewe inakujibu. Ilikuwa imeandika kwa rangi ya kijani: SALAMA, asilimia 94.

"Unabishana na kompyuta, Catheline? Hao wameuawa na joto. Shemeji, kaanga!"

Mama akabandika kikaango. Doreen alikuwa ameshakaa na sahani yake. Nilikasirika. Mtu mzima anaona beseni zima la mizoga, halafu anaamini simu!

"Naomba simu," nilisema.

Nikaandika jina nililolitunga palepale: Kipopokolo. Programu haikusita. SALAMA, asilimia 94. Nikaandika petroli. SALAMA, asilimia 91.

"Basi tumkaangie Doreen kwa petroli," nilisema. Najua sikuwa na adabu, lakini sijutii.

Mama aliepua kikaango. Baba mdogo akachukua jembe, akachimba shimo na kuwafukia samaki wote. Jioni ile tulikula wali kwa majani ya maboga.

Kesho yake alimpeleka afisa ugani wetu, Bibi Marystella, kwa yule muuza dawa. Nyuma ya duka walikuta dumu lenye lebo iliyosema wazi kwamba dawa ile inaua samaki. Muuzaji alikuwa akiimimina kwenye chupa za soda zisizo na maandishi yoyote, na wateja akiwatajia jina tu kwa mdomo. Bibi Marystella alirudi kwetu akiwa amefura kwa hasira, na habari za muuzaji yule alikuwa ameshazifikisha wilayani.

"Nimesoma maelezo ya hiyo programu," alisema. "Imefundishwa kwa dawa chache, zilizojaribiwa kwa panya tu. Samaki haiwajui kabisa. Ubaya wake ni kwamba haijui kusema 'sijui'."

"Ndaga, asante sana, Catheline," baba mdogo alisema kwa sauti ndogo. "Nilikosea."

Bibi Marystella akanigeukia. "Ulifanya jambo ambalo sisi wakubwa tulipaswa kufanya. Mashine yoyote, kabla hujaitegemea, iulize kitu ambacho jibu lake unalijua. Uliza pia ilifundishwa kwa vitu gani, na vilijaribiwa kwa nani. Ikishindwa hapo, hata iandike asilimia mia, usiikabidhi sahani ya mtoto."