Samaki wa Ndani ya Ra'ui

Siku za shule, bibi yake Akaiti alimwita mara tatu, na mara ya nne akamvua shuka. Lakini Jumamosi Akaiti hakuhitaji kuamshwa na mtu. Kabla jogoo wa jirani hajawika alikuwa ameshafagia uwanja na kuwalisha nguruwe, ameoga, na amekaa kibarazani kusubiri basi, taji la maua kichwani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwake Jumamosi ilikuwa tu soko la Avarua, mji mkuu wa kisiwa chao: muziki jukwaani, chakula kila upande, na marafiki zake wawili, Teuira na Tamatoa, kwenye mkeka mmoja chini ya mivinje.

Walikuwa na utaratibu wao. Kila mmoja alileta kitu kutoka nyumbani, kilichokosekana wakanunua, wakala huku wakisikiliza bendi za wazee. Jumamosi hii ilikuwa kubwa kuliko zote, kwa sababu saa tano wao wenyewe wangepanda jukwaani kwa mara ya kwanza. Teuira angepiga ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne, na kuimba, Tamatoa angegonga ngoma ya gogo, na Akaiti angecheza na kuitikia.

Tatizo lilikuwa mdomo wa Akaiti. Wiki iliyopita alijipiga kifua mbele ya wenzake kwamba ataleta ika mata, samaki mbichi aliyelowekwa kwenye ndimu na tui la nazi. "Tena ya jodari," alisema. "Jodari wa Mjomba Iro. Mtajilamba mpaka viwiko."

Wiki nzima bahari ikachafuka, na mashua ya Mjomba Iro haikutoka. Akaiti angeweza kuchemsha shelisheli na asingeulizwa na mtu. Lakini alimjua Tamatoa. Tamatoa akipata la kukucheka, analibeba mwezi mzima.

Ijumaa baada ya shule akachukua mshipi wake akaenda kuvua kwenye maji ya kina kifupi nyuma ya mwamba. Pale wanapovua watu wote hakupata hata dagaa. Hatua chache mbele yake ilisimama nguzo iliyofungwa makuti mabichi, alama ya ra'ui. Ng'ambo ya nguzo hiyo wazee walikuwa wamepiga marufuku uvuvi tangu tufani ya Februari. Walitangaza kanisani na kueleza sababu, ila siku hiyo Akaiti alikuwa ananong'onezana na Teuira, akasikia marufuku tu.

"Wanapumzisha samaki," alijiambia. "Mmoja tu hawatamkosa."

Akaangaza huku na huku, akapita nguzo. Robo saa haikuisha akavuta chewa mnene, karibu amshinde nguvu. Bibi yake alikuwa kwa wanawake wa kanisa wakishona mablanketi, na aliporudi jioni alikuta bakuli limeshafunikwa.

"Mjomba kaniletea jodari aliyekuwa amemhifadhi kwenye friza," alisema Akaiti, na hapo ndipo uongo ulipoanza.

Asubuhi, juu ya mkeka wao sokoni, Akaiti aliwapakulia, na Tamatoa akaiinamia sahani yake.

"We Akaiti, mbona jodari wako amepauka hivi? Anaumwa?"

"Ndimu hiyo. Imekaa usiku kucha. Kama hutaki, nirudishie sahani yangu."

"Nirudishe? Thubutu!" Tamatoa akaikumbatia sahani yake kwa mikono miwili.

"Mwache mpishi," alisema Teuira, ambaye tayari alikuwa kwenye sahani ya pili. "Siku nikiolewa ni yeye ndiye atakayepika. Wewe utakuja kuosha vyombo."

Wakacheka. Akaiti alionja vipande viwili vitatu tu, kwa kuwa hakutaka kucheza tumbo likiwa zito. Kisha wakaenda kwa Mama Ngara, mwanamke mzee aliyeuza majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui zito. Walinunua kwake kila Jumamosi, naye kila Jumamosi aliwaongezea kijiko juu ya kile walicholipia. Akaiti akaona si vizuri kula bila kumkumbuka, akampelekea kibakuli cha ika mata.

"Asante, mjukuu wangu," alisema Mama Ngara, akakiweka ndani ya boksi la barafu. "Nitakula nikimaliza kuuza. Mimi kabla ya hapo hakipiti kitu kooni."

Saa tano ikafika, wakapanda jukwaani. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri mno. Kina mama walipiga vigelegele, wazee wa bendi wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na Akaiti alicheza akijiona yuko juu ya mawingu. Katikati ya wimbo wa pili ukulele ukanyamaza.

Teuira alikuwa anaangalia vidole vyake. Alivikunja, akavikunjua, akavitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine. Watu wengine walicheka wakidhani ni mchezo wa jukwaani.

"Endelea!" Tamatoa alimnong'oneza.

"Sivisikii," alisema Teuira. "Vidole vyangu sivisikii. Na midomo. Naombeni maji."

Mtu mmoja akampa gilasi ya maji yenye barafu. Teuira akapiga funda moja, akayatema yote, akapiga ukelele. Gilasi ikapasuka sakafuni.

"Yananiunguza! Maji yananiunguza!"

Vipande vya barafu vilikuwa vinateleza pale pale miguuni pake, kila mtu anaviona. Hakuna aliyecheka tena. Akaiti alipigwa na butwaa, akabaki mikono juu kama alivyokuwa akicheza. Teuira akapiga magoti, kisha akalala ubavu juu ya mbao za jukwaa, uso umepauka kama karatasi.

Nesi Matangi, aliyekaa kwenye hema la huduma ya kwanza, alifika mbio. Akashika mkono wa Teuira, akahesabu mapigo ya moyo, na uso wake ukabadilika. Nyuma ya jukwaa Tamatoa alikuwa ameinama anatapika.

"Wamekula nini hawa?" aliuliza nesi.

"Majani ya magimbi," alijibu Tamatoa huku anajifuta mdomo. "Ya Mama Ngara."

Neno hilo lilitosha. Kila mtu pale anajua majani ya magimbi yasipoiva huwasha mdomo na koo.

"Hayakuiva!" alisema mwanamume mmoja kwa sauti. "Jamani, mimi pia nimekula!"

"Na mimi nimewapa watoto wangu!"

Watu wakamiminika kwenye meza ya Mama Ngara. Wengine walitupa sahani zao mbele yake, wengine walishika matumbo yasiyouma. Mzee wa watu alisimama na mwiko mkononi, anageuza macho huku na huku.

"Nimeyapika tangu saa nane usiku," alisema. "Miaka ishirini na mitano nauza hapa. Nimemdhuru nani, jamani?"

"Leo umemdhuru mtoto!" alimjibu mtu. Msimamizi wa soko akaja, akafunika masufuria yake kwa kitambaa, akamwambia asiuze tena.

Akaiti aliyaona yote hayo. Midomo yake mwenyewe ilikuwa imeanza kufa ganzi, na alijua ni samaki wake. Alijua kabisa. Lakini nguzo ile ya makuti ilimsimama kichwani, na uso wa bibi yake, na wazee wa kijiji wamekaa wanamuuliza aliingiaje ndani ya ra'ui.

"Hakuna kingine mlichokula pamoja?" nesi alimuuliza yeye.

"Hakuna," alisema Akaiti.

"Tumekula ika mata yake," Tamatoa alidakia. "Lakini hiyo ni jodari."

Nesi akamtazama Akaiti usoni. "Jodari wa bahari kuu? Una hakika?"

Akaiti aliitikia kwa kichwa. Nesi akageukia simu yake, akawaambia watu wa hospitali kwamba pengine ni majani.

Akaiti alijifariji kwamba Teuira ataamka tu, hospitali wana dawa za kila kitu. Akageuza uso ili asimwone alivyolala, na macho yake yakaangukia meza ya Mama Ngara. Watu walikuwa wamemwacha peke yake. Alikuwa ameketi juu ya ndoo, anajifuta machozi kwa ncha ya nguo yake. Hakuwa amekula tangu alfajiri, na sasa hakuwa na cha kuuza. Akafungua boksi la barafu, akatoa kile kibakuli, akachoma kipande kwa uma.

"Mama Ngara, usile!"

Hakujua aliruka vipi kutoka jukwaani. Alikumba watu, akaangusha meza ya matunda ya watu, akafika na kuupiga mkono wa yule mzee hadi uma na kibakuli vikaruka. Tui likamwagika juu ya mchanga.

"Umechanganyikiwa, mtoto?" aliuliza Mama Ngara.

"Si majani yako," alisema Akaiti. Alikuwa analia kwa sauti, na hakujali nani anasikia. "Ni samaki wangu. Si jodari. Ni chewa. Nimemvua ndani ya ra'ui."

Nesi Matangi alikuwa ameshafika. Akamshika mabega yote mawili.

"Chewa? Mkubwa?"

"Mkubwa."

"Na wewe umekula?"

"Kidogo. Midomo imekufa ganzi."

"Kwa nini hukuniambia nilipokuuliza?" Lakini nesi hakusubiri jibu. Akapiga simu tena. "Si majani. Ni sumu ya samaki wa mwambani. Watoto watatu. Mmoja moyo wake unapiga polepole mno. Andaeni kitanda na mashine ya moyo, tunakuja."

Teuira alikaa hospitali siku nne, na usiku wa kwanza mama yake hakutaka hata kutoka kando ya kitanda kwenda kula. Tamatoa na Akaiti waliruhusiwa siku ya pili. Daktari alisema wazi kwamba kama wangeendelea kudhani ni majani, wasingeufuatilia moyo wa Teuira mapema vile, na hapo angeweza kufa. Akaiti alilisikia neno hilo, akajifunika shuka hadi kichwani.

Bibi yake alikuja, akakaa pembeni ya kitanda.

"Bibi," alisema Akaiti, "ra'ui imenilaani?"

"Laana gani?" Bibi alimfunua shuka. "Wewe ungekuwa unasikiliza kanisani badala ya kupiga soga na Teuira, ungejua. Tufani iliyavunja matumbawe upande ule. Kwenye matumbawe yaliyokufa huota mwani mdogo mno wenye sumu. Samaki wadogo wanakula huko, chewa anawala hao wadogo, na sumu yote inakaa kwake. Huioni, huinusi. Ndimu haiitoi, moto hauitoi, barafu haiitoi. Wazee waliweka nguzo pale ili tusife, Akaiti. Sasa ukitoka hapa utakwenda kwao uwaambie mwenyewe ulichofanya. Mimi nitakaa karibu yako, lakini sitakusemea."

Akaenda, akawaambia yote tangu mwanzo hadi mwisho. Wazee walimpa kazi ya kubadilisha makuti ya nguzo kila yanaponyauka, na kumweleza kila mtoto anayepita kwa nini yapo. Lakini kulikuwa na kazi nyingine, ambayo hakupewa na mtu.

Jumamosi iliyofuata alikwenda sokoni peke yake. Bendi ilikuwa inapiga, mikeka imejaa, na meza ya Mama Ngara haikuwa na mteja hata mmoja. Watu walipita wakamsalimia mzee huyo kwa adabu, wakaenda kununua kwingine. Msimamizi alikuwa ameshatangaza kwamba majani hayakuwa na kosa, ila hofu ilikuwa imewakaa watu tumboni.

"Shikamoo, Mama Ngara," alisema Akaiti. "Naomba nisimame hapa na wewe."

Mama Ngara aliinua macho kutoka kwenye masufuria yake. "Marahaba. Usimame ufanye nini?"

"Niwaambie watu."

Akaanza. Kila aliyepita alimwambia: "Mimi ndiye Akaiti. Ni samaki wangu ndiye aliyewadhuru wenzangu, si chakula cha Mama Ngara. Nilidanganya." Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya tano ilitoka. Wengine walimkodolea macho, kijana mmoja akamwambia, "Kumbe ni wewe muuaji!" na Akaiti akarudia maneno yale yale kwa mtu aliyefuata. Mwanamke mmoja alisimama, akafikiri, akanunua sahani mbili. Baada yake wakaja wengine.

Palipotulia kidogo, Mama Ngara akapakua sahani, akamwekea Akaiti mbele yake.

"Teuira anaendeleaje?"

"Ameruhusiwa. Lakini anakunywa maji ya uvuguvugu tu, ya baridi bado yanamuunguza. Na ukulele hawezi kushika. Nesi anasema itachukua wiki nyingi."

"Sumu hiyo itamtoka," alisema Mama Ngara. "Sasa nisikilize, mjukuu wangu. Hukujua kama samaki yule ana sumu, na kosa la kutojua naweza kulisamehe siku hiyo hiyo. Lakini nesi alipokuuliza, ulijua. Ulinyamaza ukaniangalia nikitukanwa, na rafiki yako amelala pale. Kilichokaribia kumuua Teuira si chewa peke yake. Ni ule muda wote uliokaa kimya. Ukishakosea, sema mapema, hata kama unaogopa, kwa sababu kuna mwingine anayelipa kwa kila dakika unayochelewa."

"Nisamehe, Mama Ngara."

"Nimeshakusamehe. Uma ulikuwa karibu mdomoni mwangu, nawe ukasema. Hilo nalo silisahau." Akanyoosha shingo kutazama njia. "Haya, kula baadaye. Yule pale anakuja mteja. Mwambie."

Akaiti akafuta macho, akasimama wima, akamwambia.