Jeneza Lililobeba Kitanda

Jamaa zangu, mnanijua. Mimi ndiye mtunza msikiti, yule anayewakemea mnaosahau kufunga bomba baada ya kutawadha. Nina mdomo, sikatai. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu, na upuuzi mwingine niliufanya mimi mwenyewe, kwa hiyo simsimangi mtu.

Siku hiyo nilikuwa nimeshafagia ua, nimejaza maji, nimekaa kibarazani nasugua miguu yangu. Adhuhuri ilikuwa imekaribia. Njiwa wanatembea uani utadhani wenye nyumba. Hakuna anayegombania viatu. Nikasema alhamdulillahi, leo nitapumzika. Nilijidanganya!

Mtaani kwetu yuko seremala mmoja, fundi kwelikweli, tunamwita Saba-kwa-Saba. Alipachikwa jina hilo alipoamua kujitengenezea kitanda cha futi saba kwa saba, chenye ubao wa kichwani uliochongwa maua na droo kila upande. Chumba chenyewe ni futi tisa kwa nane. Mkewe akamuuliza, "Baba, sasa mimi nitapitia wapi kwenda kabatini?"

"Utapitia juu ya kitanda," akajibu, wala hakuwa anatania.

Mwezi mzima hakuwa na habari nyingine. Ukimsalimia anakujibu kitanda. Msikitini anaingia wa mwisho, vumbi la msumeno kwenye nyusi, na imamu akitoa salamu tu, yeye huyo keshavaa viatu.

Sasa, jeneza la msikiti wetu ni moja tu. Mkono wake wa mbele kushoto ulipasuka, nikampelekea yeye. "Kazi ya nusu saa hiyo, mzee wangu," aliniambia. Nusu saa ikawa wiki tano. Kila nikipita karakana yake nalikuta limeegemezwa ukutani, mkono umezungushiwa kamba, na fundi mwenyewe anazipapasa mbao za kitanda kwa msasa huku anaimba.

Aliyemsumbua kunishinda mimi ni shangazi yake. Bibi huyo ndiye aliyemlea tangu alipofiwa na mama yake, na alikuwa akiishi kwake, chumba cha nyuma. Kila asubuhi alijikongoja na mkongojo wake hadi karakana.

"Mwanangu, litengeneze lile jeneza. Mimi kitanda chako sikitaki. Nataka siku yangu nibebwe sawasawa, nisiyumbishwe njiani."

"Kesho, Shangazi. Mbona una haraka?"

"Haraka sina mimi. Anayekuja kunichukua ndiye sijui ratiba yake."

Fundi alicheka sana siku hiyo. Hata mimi nilicheka.

Haya, turudi kwenye siku yenyewe. Mbao za kichwani zilikuwa tayari kwenye kiwanda cha mbao, mtaa wa pili. Mwenye mkokoteni alikuwa ametingwa, na manyunyu yameanza. Saba-kwa-Saba akaangaza huku na huku, macho yakatua kwenye jeneza. Lina mikono minne, lina ubavu, tena lina kitambaa kizito cha kufunikia. Akamwita rafiki yake, fundi rangi. Astaghafirullah! Watu wazima wawili wakalaza mbao za mninga ndani ya jeneza la Waislamu, wakazifunika zisilowe, wakashika njia, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Hawakufika hata kona ya kwanza. Muuza viatu aliwaona, akaacha duka wazi.

"Inna lillahi! Maiti anabebwa na watu wawili? Hana ndugu?" Akatia bega.

Kinyozi naye akamwacha mteja ana ndevu upande mmoja, akatia bega. Mteja naye akaja, na ndevu zake za upande mmoja. Nyinyi wenyewe mnajua, jeneza likipita hatuulizi ni la nani, tunakimbilia thawabu.

"Nani amefariki?" kinyozi akanong'ona.

Saba-kwa-Saba angesema hapo hapo, yangeisha. Lakini aibu ilishamkaba. "Ni... wa nyumbani," akasema.

Fundi rangi alishindwa kujizuia. Alificha uso kwenye kiwiko, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Watu wakadhani analia. Mzee mmoja akampangusa uso kwa leso, "Subira, mwanangu, subira." Ndiyo kwanza akazidi.

Walipofika njia panda, Saba-kwa-Saba alijaribu kukata kulia kuelekea karakana. Watu hamsini wakamrudisha. "Msikiti ni huku, bwana! Huzuni imekuchanganya."

Basi mimi nikaliona jeneza langu linaingia uani. Nikasema, kumbe amelitengeneza! Nikakimbia, nikatia bega. Lo, uzito ule! Nikamwambia jirani yangu, "Marehemu huyu alikula akashiba." Machozi yakanitoka. Ndiyo, mimi, nililia. Nililia mbao.

Imamu akasimama mbele yetu. "Maiti ni mwanamume au mwanamke?"

Wote tukamgeukia Saba-kwa-Saba. Jasho linamtiririka.

"Ndugu yangu, nakuuliza ili nijue namna ya kumwombea. Ameoshwa?"

"Amepigwa msasa," akasema.

Imamu akakunja uso, lakini kabla hajasema neno, ule mkono wa kushoto ulikatika, ka! Jeneza likalala upande, kitambaa kikateleza, na mbao tano ndefu zikamwagika uani mbele ya waumini.

Njiwa wote waliruka. Mteja wa kinyozi akapiga kelele, "Jamani, kageuka mbao!" Hapo fundi rangi akakaa chini kabisa, akaangua kicheko bila kuficha tena. Watu wakacheka, wengine wakafoka, muuza viatu akadai arudishiwe muda wake. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio, na nia yangu haikuwa kufagia.

Ndipo mke wa seremala akatokea langoni, anahema, ushungi umemteleza.

"Baba! Nimekutafuta karakana, nimekutafuta kiwandani. Jeneza liko wapi? Shangazi ametutoka asubuhi, ulipoondoka tu. Tumeshamwosha, tumeshamvika sanda. Yuko pale sebuleni tangu saa hizo, tunangoja jeneza, halionekani."

Hakuna aliyecheka tena. Saba-kwa-Saba alimtazama mkewe, akalitazama jeneza lililovunjika, akapiga magoti pale pale. "Aliniambia," akasema. "Kila siku aliniambia."

Imamu akamshika bega. "Kulia utalia baadaye. Fundi ni wewe, na Shangazi anangoja."

Akakimbilia vifaa vyake. Aliporudi akaanza kuzikagua zile mbao moja moja. Nilidhani anatafuta iliyo mbovu. La. Aliokota ile ya katikati, iliyonyooka kuliko zote, ambayo ingekuwa ubao wa kichwani wenye maua. Akaweka msumeno juu yake, akaikata bila kupima mara mbili. Akachonga mkono mpya, akautia mahali pake, akaupiga msasa mpaka ukawa laini, na machozi yanadondokea kwenye unga wa mbao. Na mnajua alitumia muda gani? Nusu saa. Nusu saa kamili, jamaa zangu, kama alivyoniahidi.

Tulimswalia Shangazi baada ya alasiri. Njiani Saba-kwa-Saba alishika ule mkono wa kushoto na hakukubali kupokewa. Kila aliyetaka kumpokea alimwambia, "Niacheni, asiyumbe." Na kwa kweli hakuyumba.

Makaburini yeye ndiye aliyeshuka kumpokea. Alipoinama kumlaza, futi yake ya kupimia ikamponyoka mfukoni, ikaanguka mle ndani. Akaiokota, akaitazama, kisha akatazama ukuta wa udongo kushoto, na ukuta wa udongo kulia. Mchimba kaburi akampa mkono wa kumpandisha, akamwambia taratibu, "Usihangaike kupima, bwana. Humu vipimo ni hivyo hivyo kwa kila mtu."

Kitanda alikimaliza baadaye, nne kwa sita, hakina maua. Mkewe sasa anapita kwenda kabatini kwa miguu yake, na anasema hajawahi kulala vizuri namna ile. Jina tu ndilo tumekataa kumbadilishia.

Funzo

Waislamu wenzangu, kitanda kizuri si haramu, wala sisemi mlale chini. Ninachosema ni hiki. Dunia haimnyang'anyi mtu akhera yake kwa nguvu. Humwambia tu "kesho" na mtu akaitikia. Mtu hufuatwa hadi kaburini na jamaa zake, mali yake na matendo yake, kisha jamaa na mali hurudi nyumbani. Basi kazi yako ya akhera, hata iwe ya nusu saa, ifanye leo, na mzazi wako akikuomba jambo, mtimizie akiwa hai akuone.

Kila Ijumaa nalifuta jeneza lile vumbi, na kila nikifika kwenye mkono wa mbele kushoto napunguza mwendo. Ni laini ajabu. Katika mbao zote za kile kitanda, hicho ndicho kipande pekee ambacho siku moja kitambeba fundi mwenyewe kwenda kaburini.