Nusu ya Pili ya Ubao

Ilianza na harufu. Utomvu mbichi ulinuka chumbani, na kitanda chenyewe kilikuwa cha mbao zilizokauka miaka mingi.

Seremala alinusa, akafungua dirisha tu. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba baada ya mbili kuharibika, na hakutaka kumtia hofu.

Mwanamume huyu alikuwa na macho yake ya pekee. Kwenye doa la unyevu darini aliona ngamia, kwenye ufa wa ukuta akaona mto na vijito vyake. Mkewe alimtania kwamba ipo siku ataipa sufuria shikamoo kwa kuona uso kwenye ukoko. Lakini macho hayohayo ndiyo yaliyomlisha. Alijua kuupasua ubao katikati ya unene wake, kuufungua kama kitabu na kuunganisha vipande viwili, mistari ya kulia ikitazamana na ya kushoto. Watu walikipenda kitanda cha namna hiyo.

Alipokuwa akitengeneza kitanda chao, kwenye ubao wa kichwani aliona nusu ya uso: shavu, pembe ya mdomo, na kifundo cheusi cha mti mahali pa jicho. Akafurahi kama mtoto. Akaupasua ubao, akaukamilisha uso.

"Mume wangu, tugeuze kitanda," mkewe alinong'ona jioni moja.

"Kuna nini?"

"Nikikaa mbali, mtoto anacheza. Nikiegemea ubao, anatulia tuli. Kama anasikiliza mtu."

Alitaka kucheka, aseme mbao hulia zikikauka, lakini alipoinama aliona mdomo alioupiga msasa mwenyewe ukiwa umenyooka sasa umepinda, na utomvu ukichuruzika kutoka kwenye vifundo vyote viwili, na nyuma ya ubao, ambako hapakuwa na kitu ila ukuta, kucha zilikuwa zikikwaruza polepole, zikinyamaza kila mkewe alipovuta pumzi.

Alimleta mganga kesho yake, bibi mmoja asiyependa maneno mengi. Aliugusa ubao, akaondoa mkono haraka.

"Nani amempa nusu ya pili?"

"Mimi, Bibi. Ndiyo kazi yangu."

"Kiumbe huyu alifungwa nusu ndani ya mti, mwanangu. Nusu haioni, wala haiendi popote. Wewe umemmalizia. Mtenganishe mwenyewe, palepale ulipomuunga."

Seremala alikata kwa msumeno. Ubao ulilia kwa sauti ya mtu aliyezibwa mdomo. Kipande kimoja kilichomwa uani, kingine mganga aliondoka nacho. Harufu ikakatika. Mchana ule mtoto alicheza mpaka mama yake akalalamika, na seremala akalia kwa furaha bila kuona haya.

Wiki ikapita vizuri. Asubuhi moja mkewe alisimama dirishani akijipaka mafuta. Michirizi ya mimba ilikuwa imemtoka upande wa kulia wa tumbo. Seremala aliitazama, akaliona shavu lile, na pembe ile ya mdomo.

"Usianze," mkewe alisema akicheka. "Kila mjamzito anayo."

"Najua," alijibu, akajilazimisha kucheka naye.

Ndipo mtoto akajigeuza. Ngozi ikavutika, na upande wa kushoto mstari wa kwanza ukaanza kujichora, taratibu, ukitazamana na mwenzake wa kulia. Seremala alipeleka kidole mbele ya mstari ule bila kutaka. Kilikuwa kinajua mstari utapita wapi.