Sarafu ya Kaisari Asiye na Uso

Siku waliyomzika Numisia ilikuwa siku njema tu, jua la kiasi, Ostia nzima, bandari yetu ya Roma, ikinuka mkate wa moto. Mke wa mwanawe, Tertulla, aliishi na shangazi yangu ukuta kwa ukuta, kwa hiyo haya si ya kuokota sokoni.

Kabla ya kufunika kaburi, mwanawe Afer alimtia mama yake mdomoni sarafu, nauli ya mvushaji anayewavusha wafu mto wa kuzimu. Tertulla akaiona. Ilikuwa shaba ya yule Kaisari aliyeuawa, ambaye wakubwa waliamuru afutwe kila mahali. Uso wake umefutwa kwa patasi. Upande wa pili, mungu wa Bahati bado ameshika usukani wake.

"Afer! Hiyo hata muuza dengu anaikataa," alinong'ona.

"Mvushaji mzee yule, ataona nini? Nyamaza, watu wanatusikia."

Jamani, ubahili mwingine ni maradhi!

Kesho yake mchana, mtoto wao mchanga, Rufilla, alikataa ziwa. Tertulla akiwa anambembeleza, akasikia mtu akitema mate nyuma yake.

Ptu.

Numisia alikuwa amekaa jikoni. Sanda imelowa hadi magotini.

"Mvushaji amenifukuza kivukoni," alinong'ona. "Nitakaa na mjukuu wangu."

Tertulla alimweleza mumewe. Afer akacheka, akasema ni uchovu wa kulea. Akaelezwa tena, akaenda zake kazini. Mtoto anakauka, mwanamume anapiga mluzi! Tertulla alitamani kumtwanga kwa mchi.

Basi akaenda mwenyewe. Juu ya kaburi walikuwa wamechomeka shingo ya mtungi, ya kumnywesha marehemu divai. Akamimina divai, kisha akadondosha shaba mpya, ya Kaisari aliye hai, uso mzima.

"Mama, chukua. Nenda salama."

Shaba haikulia chini. Kimya. Halafu, huko chini kaburini, midomo ikafyonza.

Ptu.

Ile shaba mbovu ikaruka nje, ikatua miguuni pake.

Alikimbia hadi nyumbani. Jikoni hapakuwa na mtu. Rufilla alilishika ziwa kwa pupa, na Tertulla akalia kwa furaha.

"Si nilikwambia? Uchovu tu," Afer akasema.

Mtoto aliposhiba, Tertulla akaona kutu ya kijani kwenye chuchu yake. Akamfungua mtoto mdomo. Juu ya ulimi palikuwa na alama ya duara, na ndani yake kichwa cha mtu, pua na taji la majani vikionekana wazi. Kaisari aliye hai.

Afer alisugua kwa kitambaa. Akasugua kwa siki. Mtoto alipiga mayowe, alama haikutoka.

"Acha," Tertulla alisema. "Ile shaba niliyompa, mama yako hakujilipia. Amemlipia mtoto nauli ya kuvuka. Yuko kivukoni, anamsubiri."