Nusu ya Njia

Msinicheke, haya yalimpata rafiki yangu Meerim. Alihamia Naryn, mji wa milimani kwenye baridi, na mumewe na mtoto wao mchanga, wakitokea Osh kwenye joto. Theluji ilipoanza, jirani yao Sairagul alimwambia kisimani, "Mwanangu, huku kila nyumba husafisha nusu ya njia kati ya lango lake na la jirani. Nusu nyingine ni ya jirani."

Meerim akasafisha kuelekea lango la kushoto, akidhani ndiko kwa Sairagul. Alfajiri, gizani, akasikia koleo: kwaru, kwaru. Kulipokucha, nusu ya pili ilikuwa safi. Akaenda kisimani kumshukuru Sairagul.

"We binti, bado umelala? Mimi nakaa kulia! Kushoto hakuna mtu, mwaka wa tisa huu."

Theluji ikaanguka tena. Meerim hakugusa koleo. Alfajiri: kwaru, kwaru, karibu zaidi. Asubuhi njia yote ilikuwa safi, tangu lango la kushoto. Ilipita mlango wao, ikaishia chini ya dirisha la mtoto.