Vidole vya Mpara Samaki

"Furu, hapa Jiwe. Gogogo yumo humo humo ndani."

Sauti ya Bibi Hellen, mkuu wa kikosi, ilitoka kwenye kidude cha sikioni, kidogo kuliko punje ya hindi.

Kashindye, ambaye kazini aliitwa Furu, hakugeuza shingo. Alikohoa mara moja, ishara yao ya:

Nimesikia.

Alikuwa amekaa kwenye benchi katika ofisi ya hati za kusafiria, katikati ya jiji la Mwanza, amevaa shati lililopauka kama mwombaji yeyote. Mapajani alipakata bahasha ya kaki yenye karatasi tupu. Kiunoni, chini ya shati, ilitulia bastola ya Glock 19.

Ukumbi ulijaa wahamiaji walioishi nchini miaka mingi, wakisubiri hati ya kuwaruhusu kutoka na kurudi. Mmoja wao, waliyempa jina la Gogogo, hakuwa mhamiaji. Alikuwa mwanamke aliyelipwa na genge la magendo la nje, na alikuwa ameiba mchoro wa ulinzi wa bandari ili wenzake waiteke meli ya mafuta ziwani. Mchoro ulikuwa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Leo angechukua hati kwa jina la bandia. Mchana angepanda ndege.

Sura yake haikujulikana.

"Kaka, na wewe ni uhakiki wa vidole?" aliuliza mwanamke aliyekaa kando yake.

"Uhakiki, dada."

"Wa ngapi?"

"Wa kwanza."

Mwanamke akacheka. "Ndiyo maana bado unang'aa. Subiri."

Aliitwa Odeta. Aliletwa kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa shangazi. Mama yake alibaki huko Kirundo, na sasa alikuwa mgonjwa.

"Kila akipiga simu, sauti imepungua," alisema. "Ananiuliza nakuja lini."

"Watu wanavuka mpaka tu bila hati, dada."

"Nivuke, halafu nirudije? Wanangu wako hapa Kirumba."

Dirishani jina la Odeta liliitwa.

Afisa Nathaniel alimpokea kwa upole. Akamwelekeza aweke kidole kwenye mashine.

Taa nyekundu.

"Jaribu dole gumba."

Nyekundu.

"Ulisafisha kwa ndimu, mama, kama nilivyokwambia?"

"Jana na leo, baba."

"Siyo mimi, mama yangu. Mashine ndiyo inakataa. Bila vidole faili haliendi kwa mkuu. Urudi tena wiki ijayo. Au kaa, nitajaribu tena jioni."

Odeta akarudi benchi. Akamfunulia Kashindye viganja. Ncha za vidole zilikuwa laini kama kipande cha sabuni.

"Kisu, chumvi na magamba ya sato. Wapara samaki wa soko la Mwaloni wote tuko hivi. Justa mwenzangu naye wamemrudisha mara sijui ngapi."

Dirishani alikuwa amesimama mwanamke mwingine, mwenye kitenge cha bluu.

"Kazi?" aliuliza Nathaniel.

"Napara samaki. Mwaloni. Toka nikiwa msichana."

Akaweka kidole.

Kijani.

Cha pili, kijani. Cha tatu, kijani.

Kashindye alitazama viganja laini vya Odeta, kisha vidole vile vilivyokubaliwa na mashine.

Hakukurupuka. Huenda mama yule huvaa glavu. Huenda kazi hiyo aliiacha zamani.

"Dada, unamjua yule?"

Odeta alimtazama mwenye kitenge. "Hapana. Lakini Mwaloni ni kubwa, kaka. Usije ukamharibia mtu."

Maneno hayo yalimgusa. Hata hivyo, akakohoa mara mbili: nimemwona.

Simu ya Nathaniel ikaita: Jiwe alitaka amcheleweshe. Akasikiliza, kisha akainua macho. Yalikaa juu ya kitenge cha bluu kitambo kidogo tu.

Kilitosha. Gogogo alitimua mbio.

Kashindye akaweka bahasha benchini. "Dada, nishikie nafasi!"

Nje, mwanamke alikuwa ameshadandia pikipiki ya Boxer iliyokuwa inanguruma. Kashindye akarukia TVS ya bodaboda wa kwanza aliyemwona.

"Ile pale! Usiiache!"

"Shika vizuri, bosi!"

Walipita kati ya magari, wakachukua barabara ya Kirumba. Boxer ilikata kona kuingia sokoni Mwaloni. Mwisho wa soko, boti yake ya akiba, yenye injini ya Yamaha, ilikuwa inangojea, pua imeelekea ziwani.

Gogogo aliruka chini akakimbia kupitia kwenye sakafu ya wapara samaki, sakafu yenye maji, utumbo na magamba. Alikuwa na viatu vya ngozi.

Akateleza. Miguu juu, mgongo chini.

"We dada!" mpara mmoja alipiga kelele. "Hapa hatukimbii na viatu vya mjini!"

Wanawake wakaangua kicheko. Kikakatika ghafla. Mkononi mwake kulikuwa na Beretta.

Kashindye alipiga teke. Bastola ikaruka ndani ya beseni la sangara. Akamfunga pingu. Kadi aliikuta kwenye kopo la Vaseline.

"Jiwe, hapa Furu. Gogogo yuko nchi kavu. Mzigo ninao."

"Boti tumeizuia. Kazi safi." Bibi Hellen akashusha sauti. "Alijificha kwenye kivuli cha Mwaloni. Ofisi ya hati imeamua: kuanzia sasa maombi yote ya wapara samaki yamesimama. Uhakiki unaanza upya."

"Mkuu, kuna mwanamke pale ofisini. Yeye ndiye aliyenifumbua macho."

"Nitamtaja vipi? Kwenye rekodi wewe hukuwapo pale, Furu."

"Mama yake anaumwa."

Jibu likaja kwa sauti iliyochoka. "Hata mimi ofisi ile hainisikilizi. Kachukue bahasha, ina alama zako za vidole. Halafu nenda nyumbani."

Mawasiliano yakakatika.

Aliporudi, ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Odeta alikuwa palepale, kiganja juu ya bahasha.

"Kaka! Umechelewa. Wamesema sisi wa Mwaloni tumesimamishwa wote. Eti kuna mtu ameharibu."

"Nimesikia."

"Lakini wewe siyo wa Mwaloni. Watu walitaka kukaa hapa, nikawakatalia. Nimekushikia nafasi. Sasa wewe ndiye wa kwanza."

Ndani ya mkoba wake simu ikaanza kuita. Aliitoa, akaitazama, hakuipokea.

"Ni mama," alisema. "Nimwambie nini?"

Kashindye alifundishwa kulenga shabaha gizani na kufungua kufuli kwa waya. Hili hakufundishwa.

Akachukua bahasha.

"Asante, dada."

Akavaa miwani ya Ray-Ban. Akatembea kuelekea jua la nje, hatua tulivu, mabega wima, kama walivyomzoeza.

"Kaka!" Odeta alimwita nyuma yake, huku simu ikiendelea kuita. "Kaka, unapotea! Dirisha liko huku!"

Hakugeuka.